Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Historia ya Skrini na Wakalimani Wake

Katika mijadala yetu kuhusu serikali mtandao na uchumi wa kidijitali tumezoea kusifia kile kinachoonekana: tovuti mpya, mfumo mpya wa malipo, programu mpya ya simu iliyozinduliwa kwa mbwembwe na hotuba. Ni nadra kuuliza chini ya vitu hivyo pana nini, nani alikiunda na nani anakitunza. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo ninaomba tushuke chini ya sitaha tukaangalie mbao na misumari.

Nimechagua mfano mdogo kwa makusudi. Ni historia ya maktaba moja ya programu iitwayo curses, ambayo kazi yake ni kuchora maandishi kwenye skrini ya terminali, na jinsi lugha za skripti, hasa Python, zilivyoifunika ili mtu wa kawaida aweze kuitumia bila kushika nyaya za chini. Si historia ya mashujaa wanaotajwa kwenye vitabu vya shule. Hata hivyo, ndani yake limo swali la kisiasa linalotuhusu sana: kati ya mtumiaji na mashine kuna mkalimani, na anayemmiliki mkalimani huyo ndiye anayeamua nani atasikika.

Lugha nyingi, skrini moja

Tuanze na karatasi. Mwaka 1963 ilitoka mashine iliyoitwa Teletype Model 33. Ilikuwa taipureta iliyounganishwa na waya, na iliweza kuchapa herufi 10 kwa sekunde. Wengi waliozungumza na kompyuta za enzi hizo walizungumza nazo kwa karatasi, mstari baada ya mstari. Kilichokwisha kuchapwa hakikurudiwa, maana karatasi hairudi nyuma.

Katika miaka ya 1970 zikaenea terminali za vioo. Kampuni ya Lear Siegler ilileta ADM-3A mwaka 1976. Digital Equipment Corporation ilikuwa na VT52, kisha mwaka 1978 ikatoa VT100 yenye mistari 24 na safu 80. Kioo kilileta uhuru ambao karatasi haikuwa nao: kishale kiliweza kuhamishwa popote na maandishi yakafutwa na kuandikwa upya. Lakini uhuru huo ulikuja na fujo, kwa sababu kila mtengenezaji alibuni lugha yake ya amri.

Chukueni jambo dogo la kupeleka kishale kwenye mstari na safu fulani. Kwa ADM-3A ulituma alama ya Escape, alama ya usawa, kisha herufi mbili ambazo thamani zake zilikuwa namba ya mstari na ya safu, kila moja ikiongezwa 32. Kwa VT52 ulituma Escape, herufi Y, kisha herufi mbili za namna hiyo hiyo. Kwa VT100 ulituma Escape, mabano ya mraba, namba ya mstari kwa tarakimu za kawaida, nukta mkato, namba ya safu, na kumalizia na herufi H. Kusafisha skrini nzima kulihitaji alama moja tu kwenye ADM-3A, na alama nne kwenye VT100.

Kwa hiyo aliyeandika programu kwa terminali moja alikuwa amemfungia nje mwenye terminali nyingine. Mnunuzi naye alifungwa kwa mtengenezaji wake, kwa kuwa kubadili kioo kulimaanisha kuandika upya programu zote. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, naamini hali hii hamhitaji kuelezwa mara mbili.

Maktaba yenye jina la laana

Suluhisho lilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwanafunzi wa shahada ya juu, Bill Joy, aliandika kihariri cha maandishi kiitwacho vi, ambacho hata leo kinapatikana kwenye kompyuta nyingi za seva. Ili kihariri hicho kisiwe mateka wa terminali moja, alitenga maarifa yote kuhusu terminali na kuyaweka katika faili la kawaida lililoitwa termcap. Humo kila terminali ilielezwa kwa vifupisho vya herufi mbili: idadi ya safu, idadi ya mistari, namna ya kusafisha skrini, namna ya kuhamisha kishale. Terminali mpya ikifika, hukuhitaji kubadili programu. Uliongeza maelezo ya mistari michache kwenye faili.

Kiasi cha mwaka 1980, Ken Arnold, naye wa Berkeley, alichukua ujuzi wa vi wa kusogeza kishale kwa gharama ndogo na kuujenga upya kama maktaba inayojitegemea, ili programu yoyote iutumie. Aliiita curses. Kwa Kiingereza neno hilo ni laana, na pia ni mchezo wa maneno juu ya jina la kishale. Miongoni mwa programu za kwanza kunufaika ulikuwa mchezo wa Rogue wa Michael Toy na Glenn Wichman, ambamo mchezaji huzunguka ndani ya mapango yaliyochorwa kwa herufi tupu.

Kwa nini gharama ya kusogeza kishale ilikuwa jambo kubwa? Tupige hesabu. Skrini ya mistari 24 na safu 80 ina nafasi 1,920. Kwa modemu ya biti 300 kwa sekunde, herufi zilipita takribani 30 kwa sekunde. Kuijaza skrini yote kulichukua sekunde 64. Kwa modemu ya biti 1,200, sekunde 16. Mtu gani angevumilia kusubiri zaidi ya dakika moja kila anapobadili neno?

Curses ilitatua hilo kwa kutunza picha mbili kichwani mwake: skrini ilivyo sasa, na skrini ambavyo mwandishi wa programu anataka iwe. Mwandishi hubadilisha picha ya pili kadiri apendavyo. Akisema "onyesha", maktaba hulinganisha picha mbili, hutafuta tofauti, na kutuma alama chache kadiri iwezekanavyo. Huo ni ubahili wenye hekima, uliozaliwa katika uhaba. Nawasihi wanafunzi walitafakari jambo hili: uvumbuzi uliotumika kwa zaidi ya miaka 40 haukutoka kwenye mashine ya kifahari, ulitoka kwenye waya mwembamba.

Ukuta na waliouruka

Sasa tuingie kwenye siasa yenyewe. Mfumo wa Unix ulizaliwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T. Kwa hukumu ya makubaliano ya mwaka 1956, AT&T haikuruhusiwa kufanya biashara ya kompyuta, na ndiyo sababu Unix ilivifikia vyuo vikuu kwa masharti nafuu. Kazi ya Berkeley nayo, kuanzia mwaka 1980, iligharimiwa kwa sehemu na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, DARPA. Kwa maneno mengine, kodi ya wananchi ilikuwemo ndani ya chungu.

Mary Ann Horton, aliyekuwa ameshiriki kazi za Berkeley, alikwenda Bell Labs, na huko termcap ikazaa terminfo, hifadhi ya maelezo ya terminali iliyo ya haraka zaidi na yenye uwezo mkubwa zaidi. Curses nayo ikaandikwa upya na kuimarishwa. Lakini toleo hilo bora lilikuwa mali ya kampuni. Mwaka 1984 AT&T ilipogawanywa na kuruhusiwa kuingia sokoni, Unix ikawa bidhaa kamili, na leseni zake zikawa ukuta.

Waliouruka ukuta ule walifanya hivyo kwa kalamu. Mwaka 1982 Pavel Curtis alianza kuandika toleo huru lililoitwa pcurses. Zeyd Ben-Halim aliliendeleza, na mwaka 1993 likatoka kwa jina la ncurses. Eric Raymond akaongeza mengi. Tangu miaka ya 1990 mzigo mkubwa wa utunzaji umebebwa na Thomas Dickey. Hakuna aliyeiba msimbo wa AT&T. Waliandika upya tabia ileile kwa maneno yao, kama mtu anayesimulia kisa kilekile bila kunakili kitabu. Ndiyo maana leo yeyote anayewasha kompyuta ya Linux anaipata ncurses bila kumwomba mtu ruhusa.

Kazi ya mkalimani

Mpaka hapo curses ilikuwa mali ya wajuzi wa lugha ya C. Lugha hiyo ina nguvu, lakini ni kali. Humtaka mwandishi agawe kumbukumbu ya mashine mwenyewe, aitunze na kuirudisha. Akikosea, programu huanguka bila maelezo. Mwalimu, mtakwimu au karani mwenye tatizo la kutatua hana muda wa shule hiyo.

Ndipo zikaja lugha za skripti. Larry Wall alitoa Perl mwaka 1987. John Ousterhout, Berkeley, alianza Tcl mwaka 1988. Guido van Rossum, akiwa katika taasisi ya CWI mjini Amsterdam, aliitoa Python hadharani Februari 1991. Mwaka 1998 Ousterhout aliandika makala maarufu akitetea hoja kwamba lugha hizi ni gundi: kazi nzito ifanywe na vipande vya chini vilivyoandikwa kwa C, na skripti iviunganishe. Ili gundi ishike, lazima kila kipande cha chini kivikwe vazi ambalo lugha ya juu inalielewa. Kazi hiyo ya kuvika ndiyo ninayoiita ukalimani.

Kwa Python, vazi la kwanza la curses liliandikwa na Lance Ellinghouse mwaka 1994. Mwishoni mwa muongo huo Oliver Andrich aliipanua ili iitumie ncurses kikamilifu, na Python 2.0 ilipotoka Oktoba 2000 moduli hiyo ilikuwa na rangi, kipanya na mengineyo. Andrew Kuchling, pamoja na Raymond, waliandika mwongozo wa kuwafundisha wengine.

Mkalimani huyu hufanya kazi gani hasa? Nitataja nne.

Kwanza, hupunguza majina. Katika C, kuandika maneno kwenye skrini kuna amri kadhaa zinazofanana: moja kwa dirisha kuu, nyingine kwa dirisha utakalolitaja, nyingine inayosogeza kishale kwanza, nyingine inayofanya yote mawili. Python iliziunganisha kuwa amri moja, addstr, inayotambua yenyewe umeipa taarifa gani.

Pili, hulipa kosa sauti. Amri ya C ikishindwa hurudisha namba, na mwandishi mvivu anaweza asiitazame kamwe. Mkalimani huichukua namba hiyo na kuigeuza kuwa hitilafu inayosimamisha programu na kueleza kilichotokea na mahali kilipotokea. Kosa lililokuwa kimya likapata ulimi.

Tatu, hajifungii mlango. Python ina kufuli moja kubwa inayoruhusu uzi mmoja wa kazi kwa wakati. Programu inaposubiri mtu abonyeze kitufe, anaweza kukaa saa nzima bila kubonyeza. Vazi lililoandikwa vizuri huiachia kufuli hiyo wakati wa kusubiri, ili kazi nyingine ziendelee. Mtumishi anayeondoka na ufunguo wa ofisi nzima kwa sababu yuko kwenye foleni ya benki angefaa kujifunza hapa.

Nne, husafisha anapoondoka. Curses huibadilisha terminali: herufi unazobonyeza hazionekani tena zenyewe, na vitufe husomwa kimoja kimoja. Programu ikianguka katikati, mtumiaji hubaki na terminali bubu. Python ikaleta amri iitwayo wrapper: unaikabidhi kazi yako, nayo huandaa skrini, huiendesha kazi, na hata kazi ikianguka huirudisha terminali kama ilivyokuwa kabla ya hitilafu kuonyeshwa. Ni mistari michache tu ya msimbo, lakini ina adabu kubwa.

Hata hivyo tusimtukuze mkalimani kupita kiasi. Tabaka la chini likiwa na tabia mbaya, yeye hawezi kuifuta, anaweza tu kuikwepa. Mfano halisi: amri ya C inayoanzisha skrini, ikishindwa kuitambua terminali, haitoi taarifa kwa aliyeiita. Inaua programu yote papo hapo. Walioandika vazi la Python walilazimika kuita kwanza amri nyingine ya maandalizi ambayo ikishindwa husema, ndipo waiite ile inayoua. Anayetumia Python haoni ujanja huo. Lakini yupo mtu aliyesoma msimbo wa chini, akaiona hatari, akaweka kizuizi. Aliweza kuusoma kwa sababu ulikuwa wazi.

Herufi za nani?

Kuna kipengele kinachotugusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Seti ya ASCII, iliyosanifiwa mwaka 1963, ina nafasi 128 tu na ilitungwa kwa Kiingereza. Kiswahili kwa hati za Kilatini kilipita humo bila shida, kwa bahati ya tahajia yetu: hata ng' yetu hutosheka na alama ya kawaida. Tusidhani kila jirani yetu alikuwa na bahati hiyo.

Chukueni neno Gĩkũyũ. Lina herufi 6. Katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, herufi ĩ na ũ huchukua baiti mbili kila moja, hivyo neno zima lina baiti 9. Curses ya zamani ilichukulia kwamba baiti moja ni herufi moja na ni nafasi moja ya skrini. Ukiandika jina hilo kwenye jedwali kwa hesabu hiyo, safu zote zinazofuata huhama. Kwa mashine, jina la watu na la lugha yao likawa kosa la mpangilio.

Marekebisho yalihitaji tabaka zote kukubaliana. Ncurses ilipata toleo la herufi pana. Python 3, mwaka 2008, ilitenganisha maandishi na baiti. Python 3.3, mwaka 2012, iliongeza amri ya kusoma herufi pana kutoka kwenye kibodi. Na bado tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, terminali nyingi haziwezi kuzionyesha ipasavyo. Uamuzi wa nani anahesabika kama herufi hufanywa mbali na bunge lolote, na hufanywa na waliokuwepo mezani.

Tunajifunza nini?

Wapo watakaosema terminali ni mambo ya makumbusho. Si kweli. Seva zinazobeba mifumo ya benki, vyuo na serikali huendeshwa kwa sehemu kubwa kupitia dirisha la maandishi, na dirisha hilo huigiza tabia za VT100. Digital, kampuni iliyoiunda, ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998 na jina lake likatoweka sokoni. Amri zake zingali hai kwa sababu zilikuwa zimekuwa kanuni ya wote.

Somo la kwanza ni la umiliki. Kazi ya Berkeley, iliyogharimiwa na umma, iliufikia umma, na ikazaa vizazi vya kazi nyingine. Ninaifahamu ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, iliyolipia mfumo wa kumbukumbu bila kudai msimbo wake. Mkandarasi alipoacha kupokea simu, ofisi ilirudi kwenye majalada ya karatasi, huku kompyuta zikiwaka kila asubuhi. Mikataba yetu ya manunuzi inapaswa kusema wazi: kilichoundwa kwa kodi ya wananchi, msimbo wake ukabidhiwe na uweze kusomwa na mtaalamu mwingine.

Somo la pili ni la utunzaji. Curses ilibuniwa kwa muda mfupi ukilinganisha na miaka ambayo imetunzwa. Sisi tuna bajeti za uzinduzi na hatuna bajeti za miaka 20 inayofuata. Wanaharakati wanaofuatilia matumizi ya serikali wanaweza kuanza kuuliza swali hilo katika kila mradi: nani atautunza, kwa fungu lipi?

Somo la tatu linawahusu wanafunzi wangu na wa wenzangu. Mnajifunza Python, na ni jambo jema. Lakini aliyefundishwa kutumia vazi pekee atabaki mteja wa washonaji. Fungueni msimbo wa moduli ya curses siku moja. Upo wazi, haulipiwi, na hauhitaji kompyuta ya bei ghali. Someni jinsi neno la Python linavyogeuzwa kuwa la C, tafuteni kizuizi kile cha kuzuia programu isiuawe, kisha jaribuni kuandika vazi dogo la maktaba nyingine mnayoihitaji.

Na mtakapoandika, wekeni majina yetu ndani yake, pamoja na ĩ na ũ zake, muone kama safu zinakaa sawa. Zikihama, msingoje mtu wa mbali aje kuzinyoosha. Mlango wa kutuma marekebisho uko wazi kwenu kama ulivyo kwa yeyote.

Nawasilisha kwa tafakuri na mjadala.